Jina la Baba Mkwe kwenye Simu ya Mbulu

Barua ilimkuta Juliana anakamua. Katekista Ignasi, aliyeibeba kwa miguu kutoka Katesh, alisimama nje ya zizi akiwa ameishika kwa ncha za vidole, akangoja, kwa sababu ng'ombe yule alikuwa mkorofi na hakupenda wageni. Ulikuwa mwezi wa nne wa mwaka 1956, masika yamekolea, na Mlima Hanang haukuwa umeonekana kwa siku tisa.

"Ni ya Serikali," Ignasi alisema ng'ombe alipofunguliwa.

"Isome," Juliana akasema. Kusoma alijua mwenyewe, maana alikuwa amefika darasa la nne kwenye shule ya misheni. Lakini mikono yake ilikuwa na maziwa, na Ignasi alikuwa ametembea.

Ignasi akaisoma kwa sauti ya Jumapili. Gari la matibabu la kuwazungukia akina mama na watoto lilihitaji mkalimani wa kike anayejua Kiswahili, Kiiraqw na Kimang'ati. Ombi la Juliana lilikuwa limepokelewa. Alipaswa kwenda Arusha kuulizwa maswali, lakini kwa kuwa barabara ya Magugu ilikuwa imekatika kwa mvua, angeulizwa kwa simu ya mdomo, kwenye ofisi ya boma Mbulu, Jumatano tarehe 25 Aprili, saa nne asubuhi. Kwanza kabisa angetaja jina lake kamili, ili ijulikane kwamba anayesema ndiye aliyeandika.

Ignasi akaikunja barua. Halafu akaikunjua tena, akatazama juu palipoandikwa jina, na uso wake ukabadilika kidogo.

"Juliana Gidabuday," alisoma.

Juliana akamtazama ng'ombe.

Gidabuday alikuwa baba mkwe wake, mzee wa Nangwa mwenye wake watatu na ng'ombe ambao hakupenda kuulizwa idadi yao. Na kwa Wabarabaig, ambao Serikali iliwaita Wamang'ati, mwanamke aliyeolewa halitamki jina la baba mkwe wake, wala la mama mkwe, wala neno lolote linalogongana na majina hayo. Kila neno lililofungwa lina lingine la kushika mahali pake, na mke mgeni hujifunza maneno hayo kutoka kwa wake waliomtangulia kama anavyojifunza njia ya kisimani. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo mahali. Ni adabu, basi, kama kutomruka mtu aliyelala.

Juliana alikuwa ameolewa miaka tisa, na kwa miaka yote tisa hakuwa amelitamka jina lile hata akiwa peke yake. Haikuwa shida. Padri alipowabatiza watoto wake wawili na kuuliza jina la babu, wifi yake alijibu. Karani wa kodi alipouliza mji huu ni wa nani, jirani alijibu. Siku zote palikuwa na mtu wa kujibu.

"Shida ya simu," Ignasi akasema taratibu, "ni kwamba mle ndani hakuna jirani."

"Nilikwambia uandike Juliana."

"Akina Juliana ni wengi. Nilitaka wakujue." Akairudisha barua kwenye bahasha. "Labda Mungu atafungua njia."

"Ya Magugu?" Juliana akauliza, na Ignasi hakujua kama alikuwa anatania.

Kazi yenyewe Juliana aliitaka, wala si kwa ajili ya gari. Miaka miwili nyuma Helena, mke wa shemeji yake, alikuwa na mimba ya miezi sita akaanza kutokwa na damu. Wakati huo gari jingine la matibabu, ambalo halikurudi tena, lilikuwa limesimama Katesh. Juliana alimpeleka Helena, akazuiwa mlangoni, Helena akaingia peke yake. Mkalimani alikuwa mwanamume aliyejifunza Kibarabaig mnadani. Helena alieleza taabu yake kwa maneno ya wake walioolewa, kwa sababu yale mengine yalikuwa yamefungwa na majina ya wakwe. Mkalimani hakuelewa hata moja, akaona aibu kusema hakuelewa. Akamwambia daktari, "Anasema ni minyoo." Helena akatoka na dawa ya minyoo. Mimba ikatoka njiani, kabla hawajafika Nangwa, na Juliana ndiye aliyekuwa naye.

Tangu siku ile Juliana alikuwa na hasira, ila hakuwa mtu wa kuionyesha. Ignasi alipotangaza kanisani kwamba gari jipya linatafuta mkalimani wa kike, alimfuata baada ya misa, akamwambia, "Niandikie."

*

Kufundishwa simu alikwenda kwa Mwantumu, mke wa Saleh mwenye duka Katesh. Mwantumu, ambaye mji mzima ulimwita Mama Saumu kwa jina la bintiye, alikuwa ameongea na simu mwaka 1951 akiwa Dodoma, kumjulisha kaka yake wa Tabora habari za msiba. Ilikuwa mara moja tu, lakini hakuna mwanamke mwingine Katesh aliyekuwa nayo hiyo moja.

"Shikamoo, Mama Saumu."

"Marahaba. Umekuja kununua chumvi?"

"Nimekuja kujifunza simu."

Mwantumu hakushangaa. Alikuwa akingojea mtu amwulize tangu 1951. Alimpa Juliana kikombe cha bati cha kuweka sikioni na faneli ya mafuta ya taa ya kuweka mdomoni, akamwingiza stoo nyuma ya magunia ya maharage, akafunga mlango. Yeye akabaki dukani.

"Haya!" akapaza sauti. "Mimi ni Arusha! Nani mwenzangu?"

Kimya.

"Juliana! Umejibu?"

Mlango ukafunguliwa kidogo. "Nimejibu."

"Sijasikia kitu."

"Nimesema shikamoo."

"Umeisema kwa nani, kwa maharage? Arusha ni mbali, lazima upige kelele."

Juliana akaeleza kwamba mtu atakayemwuliza ni mkubwa, na mkubwa hapigiwi kelele. Alilelewa kusema chini mbele ya mtu mzima, na kadiri mtu alivyozidi kuwa mzima ndivyo sauti ilivyozidi kushuka. Mbele ya baba mkwe hakuwa na sauti kabisa.

"Ukubwa wake uko Arusha," Mwantumu akasema. "Na masikio yake yako huko huko. Ukisema chini atadhani hujafika. Rudi ndani."

Asubuhi nzima walipigiana kelele. Wateja wawili waliingia dukani, wakadhani wanawake wale wanagombana, wakaondoka kwa heshima. Saleh mwenyewe alitoka msikitini, akasimama kizingitini, akasikia mke wake anauliza kwa nguvu, "Umezaa watoto wangapi?" na sauti nyuma ya maharage inajibu, "Wawili, shikamoo!" Akageuka, akaenda kukaa kwa fundi cherehani.

Kufikia adhuhuri sauti ilikuwa imepatikana. Likabaki swali la kwa nini.

"Watakuuliza kwa nini unataka kazi," Mwantumu akasema. "Utajibu: kuitumikia Serikali kwa uaminifu."

"Hiyo siyo sababu."

"Najua siyo. Ni jibu."

Na likabaki jina. Mwantumu alilifikiria jambo hilo mpaka chai ikapoa. Mwisho akasema wakimwuliza jina kamili aseme, "Kama lilivyoandikwa." Watasoma wenyewe, watanyamaza, yatapita. Juliana alilikariri jibu hilo njiani mpaka nyumbani. Lilikuwa na kasoro, lakini hakupata lingine.

Kuhusu mavazi hawakuelewana. Mwantumu alimpa viatu vya bintiye.

"Lakini hawatanitazama," Juliana akasema.

"Hawatakutazama, ndiyo. Ila wewe utajijua."

Vilimbana. Akavibeba mkononi.

*

Mume wake Patriki alikuwa na ng'ombe upande wa Balangida, akatuma neno kwamba yeye hana kipingamizi kama mzee hana. Kwa hiyo jioni ile Juliana alikwenda kumwomba mzee ruhusa. Mkwe haongei na baba mkwe ana kwa ana. Juliana alisimama kando ya nyumba, uso ameuelekeza kwenye ukuta, akamwambia mama mkwe. Mzee Gidabuday, aliyekuwa ameketi hatua nne kutoka hapo akichonga fimbo, alisikia kila neno, akangoja mkewe amweleze.

Mama mkwe akamweleza: mke wa Patriki ameitwa Mbulu, aulizwe maswali na watu wasioonekana, kwa ajili ya kazi ya kusema na wagonjwa. Ni mwendo wa siku tatu.

Mzee akachonga.

"Mwambie," alisema baadaye, "mwanamke hatembei siku tatu peke yake. Na bahati mimi nina shauri langu Mbulu. Dume langu jekundu limezuiliwa huko."

Mama mkwe akatazama langoni, ambako dume jekundu lilikuwa linajikuna kwenye nguzo.

"Nitamwambia," alisema.

Waliondoka Jumapili alfajiri, watoto wakabaki na bibi yao. Mzee alitangulia na mkuki na blanketi, Juliana akafuata nyuma hatua thelathini, na hatua hizo hazikupungua wala kuongezeka kutoka Nangwa mpaka Endasak, wala kutoka Endasak mpaka Dareda. Mzee akitaka kusema jambo aliliambia pori. "Mto huu umejaa, mtu apite kule juu kwenye mawe," angesema, kisha akapita kule juu kwenye mawe. Akitaka kupumzika alisema miguu ya siku hizi haina nguvu, akaketi, na nyuma yake hatua thelathini Juliana naye akaketi. Usiku wa kwanza walilala kwa jamaa zao chini ya mlima wa Dareda. Siku ya pili walipanda kwenye ukungu, matope mpaka kwenye vifundo, wakalala Dongobesh kwa ndugu yake Saleh, aliyewapa uji na kuwauliza habari za mahindi.

Juliana alitembea huku midomo yake inacheza. Alikuwa akikariri. Kama lilivyoandikwa. Kama lilivyoandikwa. Kuitumikia Serikali kwa uaminifu. Moyoni alikuwa na hofu ya namna ambayo hakuwahi kuwa nayo hata alipokuwa anazaa, kwa sababu huko alijua wengine walikwisha kupita.

Jumanne jioni wakaingia Mbulu. Baridi ilikuwa kali. Kijijini Endagikot, kwa wajomba zake, maana mama yake Juliana alikuwa Muiraqw wa huko, walipewa mahali pa kulala. Mzee hakumwuliza mtu yeyote habari za dume.

*

Ofisi ya simu ilikuwa chumba kidogo mwishoni mwa baraza ya boma, na mwenyewe alikuwa karani aitwaye Nicodemo, kijana mwenye tai na kalamu mbili mfukoni. Barazani walikuwepo watu kama kumi na watano wanaongojea mashauri yao, pamoja na tarishi mmoja mzee aliyesinzia. Mzee Gidabuday akachagua mahali kwenye benchi chini ya dirisha la simu, akaketi, akasimamisha mkuki katikati ya magoti.

Juliana akavaa viatu, akaingia.

"Simu inahesabiwa kwa dakika tatu tatu," Nicodemo akasema. "Zikipita tatu ninanyanyua kidole kimoja, zikipita sita viwili. Usiguse waya. Usipulize. Na hizo bangili zitalia, zivue."

Zilikuwa bangili za shaba, saba kila mkono, na hazikuwa zimevuliwa tangu arusi. Walijaribu. Mwisho Nicodemo akampa kitambaa cha kufutia meza, akazifunga nacho.

Saa nne ikapita. Saa nne na robo ikapita. Nicodemo alikuwa anazungusha mpini wa simu, anaita Arusha, anapewa Babati, Babati anamwambia angoje. Juliana alisimama wima. Saa tano kasoro dakika kumi Nicodemo akamnyoshea chombo.

Ndani yake palikuwa na mlio kama mvua kwenye bati, na nyuma ya mlio ule sauti nyembamba ya mwanamke wa Kizungu aliyejifunza Kiswahili kitabuni.

"Hujambo, ewe mama? U hali gani asubuhi hii?"

Juliana akavuta pumzi, akaikumbuka stoo ya Mwantumu.

"SHIKAMOO!"

Barazani tarishi akazinduka usingizini, akaitikia, "Marahaba."

"Vema sana," sauti ikasema. "Mimi ndimi msimamizi wa gari. Tafadhali, taja jina lako kamili."

"Kama lilivyoandikwa!"

"Sijasikia. Jina?"

"Juliana!"

"Juliana nani?"

"Kama lilivyoandikwa!"

Karatasi zikasikika zinapekuliwa. "Nimeandikiwa hapa," sauti ikasema, "Juliana Gida... Gidabudi. Je, ni sahihi?"

Haikuwa sahihi. Juliana alijua haikuwa sahihi, na kama angesema ndiyo angekuwa amesema uongo, na kama angesema siyo angeombwa asahihishe. Jambo hili Mwantumu hakuwa amelifikiria.

"Kama lilivyoandikwa," akasema mara ya tatu, na safari hii sauti ilikuwa imeshuka.

"Mama, kanuni yasema anayeulizwa ajitaje mwenyewe. Nina akina Juliana wawili katika orodha. Usipojitaja siwezi kuendelea."

Nicodemo akanyanyua kidole kimoja.

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa. Mzee Gidabuday aliingia na mkuki wake.

"Mzee, humu haingii mtu," Nicodemo akasema.

Mzee alikuwa ameshaingia. Juliana akaweka chombo mezani, akarudi nyuma mpaka pembeni, akageukia ukutani. Mzee akakichukua, akakiweka sikioni juu chini, na Nicodemo, ambaye alikuwa ametazama mkuki, akamgeuzia bila kusema neno.

"Gidabuday," mzee akasema.

Alilitamka kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde. Barazani watu wakageuka.

"Ni nani huyo?" sauti ikauliza.

"Mimi. Jina mnalolitafuta ni langu. Huyu ni mke wa mwanangu, hawezi kulitaja, ana adabu. Mkipata anayeweza kulitaja, msimwandike huyo kazi."

Mlio wa mvua kwenye bati ukaendelea kidogo.

"Ahaa," sauti ikasema. "Asante sana, mzee. Twahitaji mtu wa lugha ya Kimang'ati, kwa hiyo..."

"Mang'ati ni jina la Wamasai," mzee akasema. "Maana yake maadui. Walitupa wao, hatukuwaomba. Andika Barabaig."

"Nimeandika."

Mzee akaona mambo ya lazima yamekwisha, na sasa inafaa kuulizana habari kama watu. "Huko Arusha mvua iko?"

"Ipo, mzee. Nyingi."

"Ng'ombe wako wanaendeleaje?"

"Mimi sina ng'ombe."

Nicodemo akanyanyua kidole cha pili.

"Pole," mzee akasema kwa upole wa kweli, akaweka chombo mezani, akatoka.

Juliana akarudi kwenye simu. Yule mama akamwambia sasa atajaribiwa lugha, na palikuwa na msaidizi wa tiba, mtu wa Babati, ajuaye Kibarabaig. Sauti ya mwanamume ikaingia, yenye haraka.

"Mwulize mgonjwa kwa Kibarabaig: tumbo linauma tangu lini?"

Juliana akauliza.

"Hapana," msaidizi akasema. "Hilo siyo neno la tumbo." Akalitaja la kwake.

"Hilo lako ni sahihi," Juliana akajibu. "Ni la wanaume, na la wasichana. Wanawake wengi walioolewa hawatalisema."

"Mimi nimelisikia miaka mitano, tena kila mahali."

"Umelisikia wapi?"

"Mnadani."

"Mnadani hakuna wake za watu," Juliana akasema, na hakujua sauti ilitoka wapi, ila haikuwa ya Mwantumu wala ya stoo. "Mwanamke ambaye mkwe wake ana jina linalokaribiana na neno lako, neno hilo kwake limefungwa. Anasema lingine. Kama lile lingine hulijui, hujamsikia. Utamwambia daktari chochote."

Yule mama akarudi kwenye simu. "Na je, kwa nini wataka kazi hii?"

Jibu lilikuwepo tayari, limekaririwa kutoka Katesh mpaka Mbulu. Juliana alilifungulia mdomo, halikutoka. Badala yake akaeleza habari ya Helena. Aliieleza kwa kelele, kwa sababu Arusha ni mbali: damu, miezi sita, mkalimani, minyoo, njia ya kurudi. Mambo ambayo wanawake huyasema kwa kunong'ona yalipita dirishani yakafika barazani, na wanaume kumi na watano wakatazama miguu yao. Nicodemo alikuwa na vidole vitatu juu, kisha akavishusha, akaitazama kalamu.

"Mlango ulifungwa," Juliana akasema. "Mimi nilikuwa nje. Maneno nilikuwa nayo mimi, nimesimama nayo nje. Ndiyo sababu."

Mvua kwenye bati. Halafu sauti nyembamba ikaanza, "Mama Juliana, mimi naona kwamba..." na simu ikakatika.

Nicodemo alizungusha mpini mpaka mkono ukachoka. Babati haikuitika. Nguzo ilikuwa imeanguka mahali fulani huko Magugu, na waya uliungwa baada ya wiki mbili.

*

Walirudi kama walivyokuja, kwa hatua thelathini. Juliana alikuwa anapitia kila alichokisema, na kila alipofika kwenye lile la mnadani aliona joto usoni. Alikuwa amemjibu mwanamume, tena mtu wa Serikali, mbele ya mzee wake na dirisha wazi. Walipokuwa wanashuka Dareda mzee aliliambia pori kwamba amesikia maneno mengi kwenye baraza za Serikali tangu enzi za Wajerumani, na mengi yalikuwa ya kupoteza siku. Akatembea kidogo. Akasema ya Mbulu hayakuwa ya kupoteza siku. Juliana hakujibu, kwa sababu hairuhusiwi, lakini aliacha kuyapitia maneno yake.

Nyumbani mama mkwe aliuliza habari za dume.

"Wameliachia," mzee akasema.

Mwezi wa tano ukaisha bila barua. Mwantumu alisema kosa ni kutosema Serikali kwa uaminifu. Ignasi alisema tuombe. Patriki alirudi na ng'ombe, akaelezwa yote, akacheka mahali ambapo Juliana hakuona cha kuchekesha. Juliana aliendelea kukamua.

Wiki ya pili ya mwezi wa sita barabara ilipokauka, barua ilifika ikiwa ndani ya gari lenyewe. Yule mama wa kwenye simu alishuka, mdogo wa kimo, kofia kubwa ya majani kichwani, akamkabidhi Juliana bahasha iliyosema amekubaliwa kwa majaribio ya miezi mitatu kuanzia tarehe moja Mei.

"Umechelewa mwezi mmoja na nusu," akasema kwa Kiswahili chake cha kitabu.

"Nisamehe, Mama," Juliana akajibu.

Mzee Gidabuday alimtazama yule mama kwa mbali kwa muda mrefu, kisha akaagiza apelekewe kibuyu cha maziwa, kwa kuwa alikuwa mtu asiye na ng'ombe.

Majaribio yalipokwisha hakuna aliyekumbuka kumwambia Juliana kwamba yamekwisha, akaendelea miaka kumi na mmoja. Yule msaidizi wa Babati, aliyeitwa Bwana Zubery, akawa rafiki yake baada ya wiki kama tatu za kutosemeshana. Alinunua daftari, akaanza kuandika maneno ya wake, neno kwa neno, ili gari liwe nayo hata Juliana akiumwa. Alipofika ukurasa wa kumi na nne akagundua kwamba kila mji una wakwe wake, na kila wakwe wana majina yao, kwa hiyo maneno ya Nangwa siyo ya Basotu. Akafunga daftari, akalitumia kuandikia dozi za kwinini.

Helena alikuja siku ya pili baada ya gari kufika, akasema amekuja kutazama gari tu. Juliana alimwacha atazame. Baada ya kulizunguka mara mbili, Helena alipanda ngazi, Juliana akapanda naye, na mlango ukafungwa wote wawili wakiwa ndani. Waliyoyasema humo Juliana alimtafsiria yule mama yote, na hakuyarudia kwa mtu mwingine. Mwaka uliofuata Helena alizaa mtoto wa kike.

Mwezi ule ule wa sita wa 1956 gari lilikwenda Endasak, na mvua iliyosemekana kuwa imekwisha ikanyesha tena, likazama kwenye matope mpaka kwenye mlango. Wakakaa hapo siku mbili. Wanawake wa pande zile walikuja kulisukuma, na kwa kuwa walikuwa wameshafika, wakatibiwa wote.